Simba, chui au duma: siku nne zinatosha hifadhi ipi?

Nuru_Bombo
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Mwezi wa Januari, kabla shule hazijafunguliwa, ninakusudia kumpeleka mama yangu, ambaye ametimiza miaka sabini, pamoja na wanangu wawili kuwaona simba porini. Bustani ya wanyama ya Entebbe wameizoea mno. Mdogo sasa anadai kumwona simba ambaye hakuna mtu anayempelekea chakula. Tuna siku nne, kutoka Kampala na kurudi, na tutakodi gari. Mimi ninasitasita kati ya hifadhi zetu za Uganda, Queen Elizabeth na Murchison Falls, ilhali kaka yangu anasisitiza Kidepo. Mliozitembelea, naomba mnilinganishie.

Kasese_Kwetu
Wa aleikum salaam, Dada Nuru. Mimi ni mzaliwa wa Kasese, kwa hiyo nihesabu kuwa shahidi mwenye upendeleo. Simba wa Queen Elizabeth hutafutwa katika sehemu mbili zilizo mbali sana. Kaskazini kuna tambarare za Kasenyi, ambako huwawinda kobu, yule swala aliye kwenye nembo ya taifa letu. Ukiingia mapema, kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, usihangaike kumtafuta simba, watazame kobu. Wakisimama wote wakiukodolea macho upande mmoja huku wakipiga mluzi mfupi, zima gari usubiri. Safari yangu ya mwisho tulisubiri hivyo kwa dakika ishirini bila kuona kitu ila alama nyeusi ya nyuma ya sikio juu ya nyasi, kisha majike watatu wakainuka hatua chache tu kutoka mahali tulipokuwa tukipatazama muda wote.

Kusini, karibu na mpaka wa Kongo, ndiko Ishasha na wale simba wanaopanda mikuyu. Wapo wanaosema hupanda kwa kukimbia nzi, wengine husema hutafuta upepo au mahali pa kuwaonea kobu, na sioni kwa nini zisiwe sababu zote kwa pamoja. Hata hivyo, asubuhi ya baridi unaweza kukuta miti mitupu. Jua likishakuwa kali ndipo huonekana wamelala juu ya matawi, miguu ikining'inia.

Asikuahidi mtu kwamba utawaona kwa hakika. Mwaka 2018 simba 11 waliuawa kwa sumu katika hifadhi hii, na mwaka 2021 wengine 6 wakakutwa wamekufa huko Ishasha. Jacob, dume aliyepoteza mguu mmoja kwa mtego wa majangili, aliogelea usiku mwaka 2024 pamoja na ndugu yake kuuvuka Mlango wa Kazinga, mkondo wa maji unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward, zaidi ya kilomita moja ya maji yenye mamba na viboko. Watafiti waliomrekodi wanadhani walikuwa wakitafuta majike, ambao wamepungua.

Mzee_wa_Arua
Binti yangu, ndugu wa Kasese amesema vizuri, ila hakukuambia kwamba kwao hakuna twiga, na watoto watauliza. Murchison ndiyo hifadhi kubwa kuliko zote nchini, kilomita za mraba 3,840, na twiga wake ni wengi. Simba watafuteni ukingo wa kaskazini wa Mto Nile, upande wa Buligi, ambako ardhi huteremka kuelekea Ziwa Albert. Zamani tulipanga foleni ya kivuko pale Paraa na kuikosa alfajiri yote. Sasa kuna daraja. Mama akichoka kutikiswa garini, mchana mpande boti hadi chini ya maporomoko, akae kivulini awatazame mamba. Lawama yangu ni moja: uchimbaji wa mafuta umeingia ndani ya hifadhi, na malori hayaupendezeshi upande huo.

Dereva_Masafa
Kwa miaka mingi nimewaendesha wageni, na nakubaliana na Mzee. Kidepo ni nzuri kuliko zote mbili, hilo silifichi: huko Karamoja utapata duma, ambaye katika Queen Elizabeth na Murchison hutamwona, na wakati wa kiangazi wanyama hukusanyika bonde la Narus kwa sababu maji hubaki huko. Lakini kwenda kwa barabara ni siku nzima, na kurudi siku nzima, hivyo kati ya siku zako nne mbili zitaliwa na vumbi. Na mama wa miaka sabini? Hapana.

Kuhusu gari, likague mwenyewe kabla ya kulipa. Niliwahi kupewa na kampuni moja gari lililosemekana kuvuta kwa magurudumu yote manne. Tulipozama katika udongo mweusi wa Ishasha tukagundua kwamba yanayovuta ni mawili tu. Januari ni kiangazi, lakini mvua haisomi kalenda.

Kasese_Kwetu
Sipingi kuhusu duma. Ila kwa anayemtaka chui, mbona hamkuitaja Lake Mburo? Ni kilomita za mraba 370 tu, iko njiani kuelekea Mbarara, na askari wa hifadhi hukutembezeni usiku kwa taa yenye mwanga mkali. Simba ndio msiowatarajie huko.

Nuru_Bombo
Nawashukuru nyote. Nimemsomea mama majibu yenu, naye aliposikia habari za boti akasema Mzee wa Arua ana akili. Basi ni Murchison: siku ya kwanza njiani, alfajiri mbili Buligi, boti katikati. Mzee, kwa mtu anayelala ukingo wa kaskazini, lango la Tangi linafaa zaidi kuliko kupitia Masindi?

Mzee_wa_Arua
Piteni Karuma na Pakwach, mwingie kwa Tangi. Lami ni nzuri, na hapo langoni huwa mko karibu na wanyama tayari. Msisahau vitambulisho vya taifa, kwa kuwa sisi wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi, na bila kitambulisho mtahesabiwa kama wageni wa dola.