Siku ya historia hai kuhusu mateka Waitaliano: wanafunzi waonyeshe nini?

Mwalimu_Kawangware
Hamjambo wadau. Klabu yetu ya historia ina wanafunzi 40. Tunataka kuigiza maisha ya mateka wa kivita Waitaliano walioletwa Kenya baada ya kushindwa Ethiopia mwaka 1941. Tutatoka Nairobi asubuhi hadi lile kanisa la Mai Mahiu na kurudi jioni. Nini kifanywe, na nini huharibika?

Kumbukumbu254
Mwalimu, kanisa lile mateka walilijenga mwaka 1942 wakitengeneza barabara ya kuteremka Bonde la Ufa. Ni dogo mno, tena liko kando ya mteremko wa malori. Ingizeni kumi kumi, na wanaosubiri wasivuke barabara hata kidogo.

Kuhusu kazi: Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu askari wa kawaida kufanyishwa kazi, lakini ofisa hakulazimishwa. Kwa hiyo anayeigiza kapteni asipewe sururu. Kosa hilo hujirudia kila mara. Na tafadhali, walinzi Waafrika wapeni maneno ya kusema. Maigizo mengi huwasimamisha langoni kama nguzo.

FundiKatani
Onyesheni pia Kambi 354 ya Nanyuki. Januari 1943 mateka watatu, Benuzzi, Balletto na Barsotti, walitoroka ili wapande Mlima Kenya. Batian, kilele chake cha juu kabisa, iliwashinda. Wawili wakafika kilele cha Lenana tarehe 6 Februari, wakasimika bendera ya Italia, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini. Ramani hawakuwa nayo. Walitegemea hata picha ya mlima kwenye karatasi ya kopo la nyama.

Vifaa vyao vilitoka kambini: nyundo ziligeuzwa mashoka ya barafu, na kamba zilikuwa za katani. Kamba wanafunzi wanaweza kuisokota. Loweka nyuzi dakika 10, maana katani kavu huchoma vidole na kukatika. Gawa mafungu matatu yaliyo sawa. Sokota kila fungu kuelekea kulia, kisha yaunganishe yote matatu kwa kuyasokota kushoto. Ukisokota kote upande mmoja, itafumuka ukiiachilia tu. Ni ya maonyesho, asininginie mtu. Mashoka chongeni ya mbao.

Sauti_za_Wazee
Mkiwahoji wazee, mzee akitaja "kambi" muulize: nani alifungwa, na nani alimfunga? Kambi za Hali ya Hatari, ambamo Waingereza waliwafunga Wakenya wakati wa Mau Mau, 1952 hadi 1960, ni habari nyingine kabisa, yenye machungu yake, na zikichanganywa mnawakosea waliofungwa humo. Simu iwe hali ya ndegeni, kwa sababu ikipigwa rekodi inaweza kukatika. Ishikeni kama sentimita 20 kutoka mdomoni, mgongo wenu ukinge upepo. Pale juu huvuma sana. Jaribuni dakika moja, msikilize, ndipo muanze.

Mwalimu_Kawangware
Asanteni sana. Je, tuongeze Nyeri siku hiyohiyo?

Kumbukumbu254
Hapana, mwalimu. Kanisa la kumbukumbu la Nyeri, alikozikwa Mtawala wa Aosta, mkuu wa Waitaliano huko Ethiopia, aliyefia Nairobi akiwa mateka mwezi Machi 1942, liko karibu kilomita 150 kutoka Nairobi, na kwa njia nyingine. Litengeeni siku yake.