Mjadala: Data za jenomu zitoke kwenye ghala la taifa, au mtafiti ndiye aingie?

Naanzisha mimi, na upande wangu nautaja mapema: nchi iwe na ghala lake la data za jenomu (DNA yote ya mtu) za utafiti, na faili zisitoke humo. Mtafiti ndiye aingie.

Kilichonifikisha hapa ni droo. Tulihamia chumba kilichoachwa na mradi uliokwisha, nikakuta diski mbili za nje, moja imebandikwa karatasi: "jenomu, nakala ya 2". Ya kwanza iko wapi? Kila niliyemuuliza aliinua mabega. Jenomu moja iliyosomwa mara 30 (kila sehemu hurudiwa ili kupunguza makosa) hula gigabaiti 100 hivi, kwa hiyo mle droani walilala watu kadhaa walioahidiwa usiri.

Msiniambie majina yalifutwa. Mwaka 2013 mtafiti Melissa Gymrek na wenzake walichukua, kwenye jenomu za utafiti zisizo na majina, alama za kromosomu Y, ambayo baba humrithisha mwana kama jina la ukoo, wakazilinganisha na tovuti za watu wanaotafuta koo zao, wakapata majina ya ukoo. Wakaongeza umri na mahali, na karibu watu 50 wakatambulika. Hawakudukua seva ya mtu.

Ndani ya ghala mambo ni mengine. Genomics England, kampuni ya jenomu ya serikali ya Uingereza, wanafanya hivyo: uchambuzi unafanyika humo humo, na unachotaka kutoka nacho kinakaguliwa kwanza. Jedwali lako likiwa na kisanduku cha watu 3 tu, usishangae likirudishwa, maana wachache hivyo ni rahisi kutambulika. Inaudhi, najua.

Mchangiaji wa 2: Ghala moja, windo moja. Mwaka 2023 wadukuzi wa 23andMe, kampuni ya Marekani ya kupima DNA, walianza na akaunti chache zenye nywila zilizovuja kwingine, wakaishia na taarifa za watu milioni 6.9 hivi, kwa sababu ndugu walikuwa wameunganishwa humo. Halafu maradhi adimu: mtoto wa kwetu mwenye hitilafu ya jeni ambayo hatujawahi kuiona, mwenzake huenda yuko nchi nyingine. Ukifunga mlango utamjuaje?

Mwanzisha hoja: Kwa maghala kuulizana. Mtandao wa EGA, ghala la Ulaya la data za jenomu, ulianza hivyo mwaka 2022 na nchi 5, Finland, Hispania, Norwei, Sweden na Ujerumani: data zinabaki kwao, maelezo ya kilichopo yanaonekana na wote. Ila nakubali, hata jibu la "ipo" au "haipo" kuhusu hitilafu ya jeni linafichua kama mtu fulani yumo, ukiuliza mara nyingi vya kutosha. Hilo lilionyeshwa mwaka 2015. Maswali nayo yahesabiwe.

Mchangiaji wa 3: Mnabishana kuhusu kufuli, mwenye nyumba hamjamuuliza. Iceland walitunga sheria ya ghala la afya la taifa mwaka 1998. Binti mmoja akakataa rekodi za marehemu babake ziingizwe, na mwaka 2003 Mahakama ya Juu ikampa haki, maana za baba zinamsema na yeye. Kwenye kamati inayotoa vibali, waliotoa damu wana viti vingapi? Na mwanafunzi asiye na ufadhili, atalipia vipi saa za kompyuta huko ndani?

Mwanzisha hoja: La viti naafiki, tena wawe na kura, si kualikwa kunywa chai. La ada limenikamata. Diski ya kwenye droo ilikuwa bure kwa yeyote aliyeifungua, na huenda ndiyo maana watu waliipenda. Mwenye hesabu aliyewahi kuendesha ghala la namna hii aje atuambie nani alikuwa analipa.