Grafiti za kutetea wanawake: zinasaidia kweli au zinafutwa tu basi?

BintiRangi
Wakuu habarini. Mimi ni mchoraji, na wenzangu kadhaa tunataka kuanza kuchora ukutani kuhusu wanawake wanavyosumbuliwa barabarani, yani kuitwaitwa, kushikwashikwa, kufuatwa mpaka mlangoni. Shida tumeshindwa kuelewana. Kuna wanaosema tuombe kibali tuchore kitu kikubwa kizuri kikae miaka, wengine wanasema tukiomba kibali tutaambiwa tuchore mama anatabasamu kabeba mtoto na maua pembeni, hasira yote ipotelee humo. Na mmoja kauliza swali nikakosa jibu: mchoro ukifutwa kesho yake asubuhi umemsaidia nani? Mliofuatilia haya mambo naombeni mawazo, hasa mifano ya watu walioshafanya.

KutaZinasema
Dada kufutwa kusikutishe. Angalia Misri. Desemba 2011 wanajeshi walimburuta mwanamke pale uwanja wa Tahrir, Cairo, mpaka nguo zikafunuka, sidiria yake ya bluu ikaonekana, picha ikazunguka dunia nzima. Bahia Shehab ni mwanahistoria wa sanaa, mwaka 2010 alikuwa ameshakusanya namna elfu moja za kuandika "hapana" kwa Kiarabu kwa ajili ya maonyesho Ujerumani, basi mapinduzi yalivokuja akazitoa kwenye maonyesho akazipeleka barabarani kwa stensili (karatasi iliyokatwa umbo la maandishi) na rangi ya kupuliza. Hapana kwa utawala wa kijeshi. Hapana kwa kuvua watu nguo, na hiyo ya pili akaiwekea ile sidiria ya bluu. Mwanamke aliyetaka kudhalilishwa mbele ya watu akageuka alama ya wanaopinga, mimi naona hilo ni jambo kubwa sana.

Ila tuseme na ukweli. Mwaka huohuo wa 2011 Samira Ibrahim aliwashtaki wanajeshi waliowapima ubikira kwa nguvu yeye na wenzake walipokamatwa, mahakama ikaamuru vipimo hivyo visifanyike tena kwenye magereza ya jeshi, na sura yake ikachorwa ukutani. Kilichosimamisha vipimo ni kesi, sio rangi. Na daktari wa jeshi aliyeshtakiwa kwa kuwapima akaachiwa Machi 2012. Ukuta kazi yake ni kuwafanya watu wasijifanye hawakusikia.

Mstaarabu_77
Mimi naunga mkono haki za wanawake asilimia mia lakini kuchafua mali ya umma hapana. Tena mnawapa wapinzani wenu sababu, watu wataacha kuzungumzia ubakaji wataanza kuzungumzia ukuta.

NdotoYaMchana
Mkuu Mstaarabu hiyo hoja ilishajibiwa Mexico, na waliojibu ni watu wa hiyohiyo mali ya umma. Agosti 2019 wanawake waliandamana Mexico City baada ya polisi kutuhumiwa kubaka wasichana, wakaandika kwenye mnara wa Malaika wa Uhuru, ukajaa maandishi chini kote. Serikali ikataka kuusafisha. Likatokea kundi la wanawake ambao kazi yao ni kukarabati minara na majengo ya kale, wakasema yasifutwe kwanza, yapigwe picha yahifadhiwe, na yabaki mpaka serikali ishughulikie ukatili wenyewe. Hawa ndio wanaojua jiwe linaumizwaje na rangi kuliko mimi na wewe, na wakasema jiwe linarekebishika ila mwanamke aliyeuawa harudi. Halafu Machi 2021 serikali ikazungushia ikulu uzio wa chuma kabla ya maandamano ya siku ya wanawake, wanawake wakauandika wote majina ya waliouawa. Sasa hapo nani atakumbuka uzio uliwekwa kwa ajili ya nini?

KutaZinasema
Na waulizeni wanaofuta kwa nini wanahangaika. Agosti 2021 Taliban walipoingia Kabul, sura za wanawake kwenye mabango ya saluni zilipakwa rangi ndani ya siku chache. Hakuna anayepoteza rangi kufunika kitu kisicho na nguvu.

Gundi_na_Karatasi
BintiRangi sio lazima spreyi na sio lazima kibali. New York mwaka 2016 msichana alianza kuandika kwa chaki kwenye lami maneno yaleyale wanawake waliyotupiwa, palepale walipotupiwa. Mvua ikinyesha yanatoka, ila mpita njia ameshasoma kwa macho yake kile ambacho kila siku anaambiwa ni utani tu. Ufaransa kuanzia 2019 wanawake wanabandika usiku ujumbe kuhusu wanawake wanaouawa na waume au wapenzi wao, karatasi nyeupe, kila karatasi herufi moja nyeusi. Kazi yote inafanyika ndani, nje mnabandika tu mnaondoka, gundi ni unga wa ngano na maji mnachemsha mpaka iwe nzito. Msitoke mmoja mmoja. Kisheria bado mnaweza kupigwa faini kwahiyo jueni sheria ya mlipo kabla hamjatoka.

BintiRangi
Asanteni sana, hii ya chaki imenigusa, naona hata walioogopa watakubali. Ila wanaotaka kibali niwaambieje, maana hoja yao nayo ina uzito.

NdotoYaMchana
Wako sahihi kwa jambo lingine. Brazil kuna mchoraji Panmela Castro, anatumia grafiti kuwafundisha wasichana kuhusu sheria ya Maria da Penha ya 2006 inayohusu ukatili majumbani, maana sheria ipo ila mtu anayepigwa nyumbani anaweza asijue ipo. Ukuta wa namna hiyo unatakiwa ukae, usomwe taratibu, kwahiyo hapo kibali kina maana. Hasira pelekeni kwenye chaki na karatasi, maelezo ya haki pelekeni kwenye ukuta wa kibali, na wazo la mchoro mlipeleke nyie wenyewe kabla hawajawatajia mama na maua.

Gundi_na_Karatasi
Naongeza moja tu. Maneno yatoke kwa wanawake wenyewe. Tatyana Fazlalizadeh, mchoraji wa Marekani aliyeanza 2012 kubandika picha za wanawake na ujumbe kwa wanaowasumbua, anakaa na mwanamke kwanza, wanaongea, ndipo anamchora. Nyie anzeni na hayo mazungumzo wiki hii, na asiyetaka sura yake ionekane chukueni sentensi yake tu bila jina.