Wakuu, nani aliwaambia "coarse" maana yake ni "-a kukwaruza"?

Tafsiri za kuokoteza zimezidi sasa. Unafungua orodha ya msamiati, unakuta "rough" na "coarse" zimetupwa kapu moja: "-a kukwaruza". Basi, imeisha hiyo. Hapana jamani!

"Rough" inahusu uso wa kitu: ukipitisha kiganja kinakwama, kuna vinundu na mabonde. Kinyume chake ni "smooth". "Coarse" inahusu ukubwa wa chembe au unene wa nyuzi, na kinyume chake ni "fine". Chumvi ya mawe, mchanga wa chembe kubwa, unga wa chenga: vyote ukivichekecha utaona tofauti ya chembe, kwa hiyo ni "coarse". Ubao usiopigwa randa huwezi kuuchekecha. Huo ni "rough". Gunia linachukua yote mawili, ila kwa sababu tofauti: uzi wake ni mnene, na likigusa ngozi linakwaruza.

Mnaona ni mambo ya darasani tu? Kwenye maelekezo ya zege, "coarse aggregate" imegeuzwa kuwa "kokoto zinazokwaruza". Kokoto gani hizo? Kwa vipimo vya ASTM, shirika la viwango la Marekani, mpaka ni chekeche ya milimita 4.75: zinazobaki juu ndizo "coarse", zinazopita ni "fine", yaani mchanga. Kokoto ya mtoni iliyosuguliwa na maji ikawa laini kama yai bado ni "coarse". Haikwaruzi chochote!

Msasa ndiyo balaa kabisa. Kila msasa unakwaruza, hata ule wa namba P400 wenye chembe ndogo, kwa hiyo "tumia msasa unaokwaruza" haimwambii fundi kitu. "Coarse" hapo ni msasa wa chembe kubwa, na kadiri chembe zinavyokuwa kubwa ndivyo namba inavyoshuka: P40 hadi P80. Akianza na P240 kutoa rangi kuukuu, msasa unaziba na rangi iko palepale. Akimalizia na P60, anaacha michirizi, na vanishi ikipita juu inaitangaza.

Kuna matumizi ambayo hayana chembe wala nyuzi. "Coarse language" ni lugha chafu. Bahari iliyochafuka ni "rough sea" na rasimu ya kwanza ni "rough draft". Kwenye bahari na rasimu, "coarse" haiingii.

Halafu hawa wa "of coarse". Ni "of course"! Matamshi ni yaleyale, na kikagua tahajia mara nyingi kinanyamaza kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Ukilinganisha, andika "coarser", achana na "more coarse".

Mnaotunga msamiati, tazameni kwanza kinachoelezwa. Mchanga na kokoto: "-enye chembe kubwa". Unga: "-a chenga". Kitambaa: "-enye nyuzi nene". "-a kukwaruza" waachieni "rough".