Mtu wa sosiete sivile (mashirika ya raia) akiingia siasa, tunamupoteza?

Jambo wandugu. Hapa Bukavu tangu Dokta Mukwege, munganga wetu wa Panzi mwenye Nobel ya amani, awe kandida wa uprezida mu 2023 na kupata chini ya 1%, neno ni moja: mwenye kupigania haki asiguse siasa, atachafuka. Mi nakataa. Angalieni John Lewis wa Marekani, mtoto wa wakulima wa Alabama. Tarehe 7/3/1965 pale Selma polisi walimupiga fimbo juu ya daraja mpaka mfupa wa kichwa ukapasuka, juu walikuwa wanadai watu weusi wapige kura, na mu Agosti sheria ikatoka. Mu 1977 akatafuta udepite (ubunge) akaanguka, akarudi chini, 1981 akachaguliwa konseye (diwani) wa muji wa Atlanta, 1986 njo akapata udepite, akabaki paka kufa mu 2020. Na akiwa depite walimukamata tena mara 5 juu ya kuandamana! Huyo alichafuka wapi?

Wa Kadutu, komini ya hapa Bukavu: Yaya, kule wanapigia mtu kura mu eneo lake. Kwetu, kwa udepite wa taifa, liste ya wakandida isiyofika 1% ya kura za inchi nzima haina kiti, hata Kadutu yote ikuchague. Na kosyo, pesa ya kuwekesha ukitaka kuwa kandida, ya uprezida 2023 ilikuwa franka milioni 160. Mwenye kupigania maji ya mtaa atazitoa wapi? Ataomba kwa mkubwa, na siku ile mdomo wake umeuzwa.

Mama wa Bagira, komini ingine ya hapa: Mi naogopa kingine. Kwetu prezida wa sosiete sivile ya mtaa alienda siasa, ofisi ikafungwa, wajane wenye kesi za parseli (viwanja) wanazunguka na makaratasi mpaka leo.

Mama, hiyo inaniuma. Lakini Lewis aliongoza SNCC, shirika la wanafunzi wenye kudai haki za weusi, toka 1963, mu 1966 wakachagua mwingine, miaka 20 kabla apate udepite. Kazi haikutundikwa kwa shingo ya mtu mmoja, kwetu inatundikwa, na akienda anaenda na ufunguo.

Wa Kadutu, ile 1% iliandikwa na wadepite, na wadepite njo wanaweza kuifuta, sasa nani atawasukuma kama wetu wote wako inje? Tena 2023 tulichagua hata wakonseye wa komini. Wewe unajua jina la mmoja wa Kadutu?