Naomba ushauri: video za kutangaza huduma ya kuuguza wagonjwa majumbani

NesiTabata
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni muuguzi mwenye leseni, nina wasaidizi wawili, tunauguza wazee na wagonjwa wa kiharusi majumbani hapa Dar. Tangu Januari natupia video Instagram na TikTok, nimesimama na sare naeleza huduma. Watazamaji hawafiki mia, simu haziingii, na kodi ya chumba cha vifaa imekaribia. Video iwe ndefu kiasi gani? Nilipie tangazo au niache?

FundiKamera
Sekunde 30 hadi 60, simu wima, uso uelekee dirishani. Usianze na nembo wala muziki, mtu atakupita. Weka maandishi, wengi wanatazama kwenye daladala sauti imezimwa. Mimi nilianzia harusini na kamera ya kuazima, nikamkata kichwa mama wa bwana harusi kwenye picha zote. Hela yangu sijaiona hadi leo.

MamaWawili
Mama yangu alilala miezi minane. Hakuna aliyetuambia mgonjwa anageuzwa kila baada ya saa mbili. Siku tumefunua shuka, nyonga ina kidonda kinachoingia kidole. Ningeona video moja tu inayoonyesha mto unawekwa wapi ili visigino visiguse godoro, ningekupigia usiku uleule.

MzeeKijiweni
Zamani mzazi aliuguzwa na wanawe. Siku hizi mnakodi mtu wa kumlisha baba yenu.

MamaWawili
Shikamoo mzee. Nilikuwa zamu ya usiku kiwandani. Nani angeleta hela ya pampasi?

FundiKamera
Nesi, simu haziingii halafu unataka kulipia tangazo. La video ipi?

NesiTabata
Ipo moja niliyoiweka juzi. Namlisha uji mzee ninayemhudumia, hawezi kuongea tangu augue. Imefika watazamaji 11,000 na simu tano. Uso wake nimeuziba, na mkwewe aliniruhusu kwa mdomo. Mzee ni msafi, kafungwa kitambaa cheupe shingoni, sioni alipodhalilika. Tangazo la Sh 50,000 nimeshalipia, linaanza kesho asubuhi.

MamaWawili
Mwenyewe ulimuuliza?

NesiTabata
Dada, nimesema hawezi kuongea.

MamaWawili
Anasikia lakini. Mama alikuwa anafumba macho mara moja akikubali, mara mbili akikataa.

KaraniWaMahakama
Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inatumika tangu Mei 2023. Afya ya mtu ni taarifa nyeti, kibali chake ni cha maandishi. Mdomo wa mkwe haukulindi.

Simba_wa_Yuda77
Chai hii. Akaunti mpya, uzi wa kwanza, mara simu haziingii, mara watazamaji 11,000. Ngojeni namba ya simu inakuja.

MzeeKijiweni
Hata mimi nilinusa. Kama ni nesi kweli, aseme mgonjwa wa kiharusi analishwaje.

NesiTabata
Anakaa wima, kidevu kimeinama kidogo. Kijiko kidogo, uji mzito kiasi usimpalie, unauweka upande wa mdomo usiopooza, unasubiri ameze ndipo uongeze. Halazwi mpaka nusu saa ipite. Namba yangu siiweki hapa.

Simba_wa_Yuda77
Hayo hata Google yapo.

MamaWawili
Yapo, ila mimi niliyalipia kwa mama kupaliwa. Muacheni.

FundiKamera
Turudi kwenye video. Uso umeuziba, sawa. Nyuma ya kitanda kuna nini?

FundiKamera
Nesi?

NesiTabata
Picha yake ya harusi. Yeye na marehemu mkewe, kubwa, ya fremu. Sikuiona wakati narekodi, nilikuwa natazama kijiko.

KaraniWaMahakama
Basi mtaa mzima umeshamjua.

NesiTabata
Tangazo nimelisimamisha. Video sijaifuta, zile simu tano ndiyo kodi yangu. Kesho saa moja naenda kumwogesha, nitamuuliza.

MamaWawili
Usimuulize ukiwa unamwogesha. Mvalishe kwanza, mkalishe, mwonyeshe video yenyewe mpaka mwisho, halafu tazama macho yake. Akikataa, njoo kwangu turekodi ya kumgeuza mgonjwa. Mimi nitalala kitandani.