Mwenye sukari aache mafuta: mafuta gani, na yamekaa wapi kwa chakula?

Wadau wa Kisumu na majirani wote, naomba tuongelee hii maneno bila matusi. Juzi kwa kikundi chetu cha wenye sukari hapa Nyalenda nesi alituambia mtu wa sukari aache mafuta yote, kuanzia chapo mpaka njugu, na mzee mmoja akamjibu hapo hapo kwamba mafuta si sukari kwa hivyo hayana neno. Watu wakagawanyika. Mimi naona wote wawili kuna kitu wameruka.

Nianze na mzee. Mama yangu ako na sukari, aina ya pili. Kuna siku alikula saa moja jioni, chapo mbili na maharagwe, zile chapo za tabaka tabaka ukiweka kwa gazeti linabaki na duara la mafuta. Saa tatu tukampima, mashine ikasoma 8.1, tukafurahi, nikamwambia unaona mama, chapo haina shida. Saa tano akasema kiu imemzidi, tukatoa stripi ingine na vile stripi ni ghali, ikasoma 13.4. Sukari ililetwa na ngano, lakini mafuta yalizuia chakula tumboni kikawa kinateremka pole pole, kwa hivyo ilipanda ikiwa imechelewa, wakati sisi tushaweka mashine kwa droo.

Sasa sista. Huko kuchelewesha si kubaya wakati wote, na hapa ndio nataka mnisikize vizuri. Mafuta lazima kwanza yavunjwevunjwe na kimeng'enya, ile kitu mwili hutoa ya kuvunja chakula, ndio utumbo uyatambue na kutoa homoni zake, GLP-1 na GIP, ambazo zinaambia kongosho itoe insulini. Hiyo GLP-1 ndio ile inaigwa na zile sindano mpya za sukari na za kupunguza uzito. Watafiti walishawapa watu wa aina ya pili orlistat, dawa inayozuia mafuta kuvunjwa, na chakula kikatoka tumboni haraka, homoni zikapungua, sukari ikapanda zaidi. Kwa hivyo mafuta yana kazi, swali ni kimeng'enya kinayafikia vipi.

Chukua njugu za pale soko la Kibuye. Mafuta ya njugu nzima yamefungiwa ndani ya kuta za seli, hata ukitafuna sana vipande vingine vinapita vikiwa bado vimefungwa. Mwaka 2012 huko Marekani walipima lozi, gramu 28 ambazo kwa hesabu ya kawaida zina kalori kama 170, mwili ukapata 129 tu. Lakini saga zile njugu ziwe laini, kuta zinapasuka, mafuta yanafikiwa kwa urahisi. Ama uyakamue kabisa ukaange nayo viazi. Njugu ni ile ile, mafuta ni yale yale, ila tumbo linakutana na vitu tofauti kabisa. Na maziwa ni hivyo, matone madogo yanampa kimeng'enya mahali pengi pa kushika kuliko tone kubwa.

Najua sista atasema hapa kwetu watu wananunua mafuta ya kupima ya shilingi ishirini na hakuna mtu ana wakati wa hadithi ya seli, afadhali neno moja rahisi. Hiyo naiheshimu, na kwa mafuta ya kukaangia, hasa yale yanayorudiwa mara tano kwa karai, niko upande wake kabisa. Lakini nyumbani nimeona neno lake likifanya nini, mama aliacha njugu na avokado, akaanza chai na mkate mweupe mkavu asubuhi, eti mkate hauna mafuta.

Mimi ningetaka kliniki iseme: njugu nzima kiganja kimoja, omena ya kuchemsha ama kukaanga kidogo, na ukila chapo upime masaa mawili na tena masaa manne. Wenye kudunga insulini kabla ya kula, nyinyi mnafanyaje siku ya chapo? Daktari wenu aliwaambia nini?